Mbuzi wa Chuma Aliyewekeshwa Makanya

Sisi tuliokula ugali wa yanga, unga wa njano wa msaada, na kufulia majani ya mpapai tunajuana bila kuulizana miaka. Ukimwona mtu mzima mwenye uwezo wake, ana nyumba ya bati la rangi, lakini bado anakunja mfuko wa nailoni uliokuja na sukari na kuuficha chini ya godoro, huyo ni wa rika letu. Mimi ninayo mifuko ya kujaza gunia. Wanangu wananicheka. Wacheke tu, hawajawahi kubeba chumvi kiganjani kutoka dukani kwa sababu hata gazeti la kuifungia lilikuwa halipatikani.

Nawaandikia ninyi wa rika langu. Hawa wengine wakitaka wachungulie. Mimi ni mama wa spea hapa Same. Shule niliishia darasa la nne, sababu ni zangu, na sijawahi kuona haya, maana duka ni langu, kiwanja ni changu, na sikuachiwa na mume wala sikupewa na serikali. Mlangoni nimepanga vichwa vya injini, hizi tunazoziita silinda hedi, kama mama ntilie anavyopanga sahani. Fundi akija na iliyopasuka namwambia aigeuze, napitisha kidole kwenye namba, namwambia ni ya injini ipi na kama ninayo. Vijana wanapenda kuhakikisha. Wanapiga picha, wanaitafuta kwenye simu mpaka bando linakata, halafu wananiuliza, "Mama Spea, haya mambo ulisomea wapi?" Nawajibu nilisomea juu ya mgongo wa mbuzi. Wanadhani natania.

Sitanii. Kaeni niwaeleze.

Nilizaliwa kambi ya mkonge, Makanya, kwenye zile nyumba za mstari zilizoshikana kama mabehewa. Ukitaka kujua kama mtu kweli kakulia kule, mwulize harufu ya korona, ile mashine ya kusaga mkonge. Akisema mkonge unanukia, mwongo. Korona ikisaga majani, yale maji machafu yalikuwa yananuka uchachu wa kuingia mpaka kwenye ugali, lakini sisi tulikuwa tunaisikia harufu hiyo kama watoto wengine wanavyosikia maandazi, maana korona ikinuka ndiyo baba zetu wana kazi. Vumbi la chini lilikuwa jekundu, la malori ya jasi lilikuwa jeupe, na upepo wa mchana ulikuwa unatuchanganyia yote mawili. Jioni mama akikusugua shingo kwa jani la mkonge lililopondwa, unalia, lakini unatakata.

Kambini kulikuwa na kila kabila. Baba yangu alikuwa Muha wa Kigoma. Jirani wa kulia Wamakonde, wa kushoto Wabena, na mama yangu Mpare wa Vudee, aliyeteremka mlimani kuja kuuza ndizi akanasa. Watoto tulikuwa hatuna kabila, tulikuwa na njaa. Tulikula makande kwa mama yangu, tukala kisamvu kwa mama Zaituni, na chai tuliinywa kwa sukari guru, ukilamba kidogo pembeni, unapiga funda. Siku duka la ushirika likipata sukari nyeupe, foleni ilikuwa inapangwa kwa mawe. Unaweka jiwe lako, unakwenda kucheza, ukirudi jiwe liko palepale na nafasi yako iko palepale. Leo weka jiwe benki uone.

Michezo yetu ilikuwa rede, kombolela na kuruka kamba, na kamba tulisokota wenyewe, maana mkonge ulikuwa umejaa. Ila uwanja wetu hasa ulikuwa nyuma ya karakana, mahali tulipopaita makaburini. Ndiko walikolala matrekta na malori yaliyokufa. Mgunga ulikuwa umeota ndani ya lori moja ukatokeza dirishani kama dereva. Mimi na Zaituni, rafiki yangu, tuliishi kwenye lori hilo. Yeye mama, mimi baba, na usukani ulikuwa wa kugombania. Wazazi walitukataza kwa sababu ya nyoka. Nyoka walituzoea.

Baba alikuwa fundi wa pampu ya maji. Kambi nzima ilikunywa kwa mkono wake, na korona nayo, kwa sababu mkonge hausagwi bila maji mengi. Pampu ilikuwa inazungushwa na injini ya dizeli, jitu la Kiingereza la zamani, lililofungwa kwenye kibanda juu ya kisima kirefu. Ukienda kulala unalisikia, tu tu tu tu. Hatukuwa na redio, lakini usingizi tuliupata.

Baba alikuwa hajui kusoma gazeti, lakini namba za chuma alikuwa anazisoma kuliko karani. Alinionyesha mapema kwamba kila kichwa cha injini kina namba iliyosimama, unaweza kuishika kwa ncha za vidole, kwa sababu ilitoka nayo kwenye kalibu siku chuma kilipomiminwa kingali uji. Na kuna namba nyingine zilizodidimia, zilizogongwa baadaye kwa nyundo. "Namba ya kugongwa usiiamini haraka," alikuwa anasema, "mwenye nyundo ana mambo yake. Namba iliyozaliwa na chuma haina pa kwenda." Kisha anaongeza, na hili mpaka leo nawaambia mafundi: "Namba ni jina, matundu ndiyo sura. Usimsalimie mtu kwa jina tu, mtazame na usoni." Maana yake, namba zikilingana, geuza, linganisha matundu ya maji na ya boliti, ndipo uamini.

Sasa mbuzi.

Baba alipotaka kumwoa mama, wazee wa Vudee hawakumpenda. Siwalaumu. Alikuwa hana ukoo wa kumsindikiza wala shamba, na watu wa milimani walikuwa wanawaita watu wa mkonge manamba, kwa sababu zamani kibarua aliandikwa kwa namba yake, jina likakaa pembeni. Babu yangu mzaa mama, Mzee Senkondo, alikuwa Mlutheri wa kiti cha mbele, mkulima wa tangawizi na maharage, mbishi kwa Mungu na kwa watu. Alitaja mahari ya kumfukuza mtu. Baba akaitafuta yote. Akapandisha mbuzi kwa miguu kutoka Makanya, jua kali, na walipofika Bangalala mbuzi mmoja akalala chini akafa. Baba akafika na pungufu, akaeleza. Babu akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mbuzi aliyekufa njiani si mbuzi. Ni habari."

Baba akateremka. Aliporudi, alikuwa na punda, na juu ya punda silinda hedi ya injini ya pampu ya akiba, injini iliyokuwa imevunjika tumbo, kichwa kizima, ikatupwa makaburini. Meneja alimruhusu aichukue. Wakati ule spea zilikuwa zinapatikana, nani angehangaika na chuma kikuukuu? Akaishusha mbele ya wazee, akasema, "Baba, huyu hafi njiani."

Mama anasema wazee walicheka mpaka mmoja akaangusha bakora. Babu ndiye hakucheka. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja: maneno yaliyosemwa vizuri aliyalipa. Alikizunguka kile chuma, akakipiga teke kidogo, akasema, "Afungwe pale mlangoni." Basi kikahesabiwa mbuzi pamoja na mbuzi wengine, mama akaolewa. Ila baba hakualikwa tena Vudee, na babu hakukanyaga Makanya. Akimtaja, alisema "yule bwana wa kule chini."

Sisi wajukuu tulikuwa tunapanda kila likizo. Ee, Vudee! Asubuhi ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi, mwili umezoea joto la Makanya unatetemeka kama kifaranga, na bibi anakupa maziwa ya moto kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Maji yanatiririka mferejini saa zote, nawe umetoka mahali ambapo maji ya kunawia yanamwagiwa mchicha. Mchana tulikuwa tunaogelea kwa kujificha kwenye ndiva, lile bwawa la kuhifadhia maji ya zamu, na babu akitukamata anatuuliza kwa upole kwanza, "Mnataka wenzenu wamwagilie jasho lenu?" Kisha fimbo.

Mbuzi wa chuma alikaa kando ya mlango, ndiye alikuwa kiti cha babu. Babu akienda shamba, kiti ni changu. Mgongoni alikuwa na namba zake zimesimama, na mimi, kabla sijamjua mwalimu, nilizishika kwa vidole mpaka zikaingia kichwani. Bibi alikuwa ananitajia moja moja huku anapepeta maharage: tatu, saba, saba, moja, sifuri, nane. Nikazitia kwenye wimbo wa kuruka kamba. Nikawafundisha watoto wa kambini. Makanya nzima tukawa tunaruka:

Tatu saba saba,
moja ya baba,
sifuri nane,
aliyeanguka amwachie mwenzake.

Matundu yake nayo yalikuwa bao langu. Niliyajaza maharage na kokwa za ukwaju, nikacheza peke yangu, nikajifunga mwenyewe nikachukia.

Halafu ikaja ile miaka. Mnaijua. Neno lililokuwa kinywani mwa kila mwenye duka lilikuwa "hamna." Sabuni hamna, khanga hamna, kiberiti hamna, unaomba kaa la moto kwa jirani. Na spea ndiyo kabisa. Katikati ya miaka hiyo, kiangazi kimekolea, injini ya pampu ikapata moto kupita kiasi, kichwa kikapasuka katikati ya valvu. Tu tu tu tu ikanyamaza. Nakumbuka tuliamka wote kambini kwa sababu ya ukimya.

Baba aliziba, aliunga, chuma kile kilikuwa kinapasuka pembeni ya kiraka. Meneja, mtu mwema, alituma watu Tanga, akatuma Dar es Salaam. Wakarudi na lile neno letu. Korona ikasimama. Maji tukawa tunayafuata mtoni mbali, akina mama na madumu vichwani, sisi na visufuria, na mto wenyewe umebaki vidimbwi unavyogombania na ng'ombe wa Wamasai. Familia zikaanza kuhama. Wabena wa kushoto wakafunga mizigo. Mama Zaituni akaanza kugawa kuku.

Ndipo nikamsikia mama akimwambia baba, "Baba Nakijwa, watoto nitawapandisha Vudee. Hapa watakufa kwa kuhara."

"Wapandishe."

"Na wewe?"

"Mimi nitapanda kwenda kulima shamba la nani?"

Mama alijua, na mimi japo mdogo nilijua. Babu hakuwa na shamba la kumpa yule bwana wa kule chini, na baba hakuwa mtu wa kula kwa mkwe. Pampu isipofufuka, nyumba yetu inakatika vipande viwili, kimoja kinabaki kwenye vumbi, kingine kinapanda mlimani. Na tulikuwa tunajua waliokatika hivyo. Wengi hawakuunganika tena.

Nikaenda kuruka kamba na Zaituni, maana mtoto hata kwenye msiba anacheza. Tukawa karibu na kibanda cha pampu. Baba alikuwa amekaa chini ameilaza ile hedi mbovu mapajani kama mtoto mgonjwa, anaisugua kwa brashi na dizeli. Tukaruka. Tatu saba saba, moja ya baba, sifuri nane...

"Nakijwa!"

Nikadhani nimekosa. Nikasimama.

"Huo wimbo kakufundisha nani?"

"Mbuzi wa babu."

Akanivuta mkono, akaweka vidole vyangu juu ya chuma. Nikazishika: tatu, saba, saba, moja, sifuri, nane. Nikasema, "Ee, ni huyu huyu!" Baba alicheka kwa sauti mpaka Zaituni akacheka na yeye. Halafu sura ikambadilika, akabaki amekaa palepale chini. Jioni ndiyo nilielewa.

"Ni mapacha," alimwambia mama. "Ile niliyompa baba yako na hii ni tumbo moja. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba zililingana."

Mama akasema taratibu, "Ile si spea, Baba Nakijwa. Ile ni mahari."

Wa kwetu mnaelewa. Kwa wazee wetu, mahari haitoki katika nyumba iliyoingia. Ukienda kudai hata mguu wa mbuzi uliyemtoa, maana yake unamrudisha binti. Chuma ambacho kingetuweka pamoja ndicho ambacho kukiomba ni kutangaza tumeachana. Baba aliinamisha kichwa. "Siendi," akasema. "Nilimtoa mbele ya wazee kwa mdomo wangu. Mkwe hadai mbuzi."

"Hukutumwa wewe," mama akamjibu. "Nitakwenda mimi. Mimi simdai mtu, naenda kumsalimia baba yangu." Akafunga khanga yake iliyotoboka, akanishika mkono, alfajiri tukaanza kupanda.

Tulimkuta babu amekaa juu ya mbuzi wake, ananoa mundu. Mama akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona mmekuja si likizo? Yule bwana kakufukuza?"

"Hajanifukuza. Kiu ndiyo inatufukuza." Akamweleza pampu, akamweleza mto, akamweleza majirani waliohama. Kile kingine hakukitamka. Akawa anaangalia chini, kwenye chuma. Babu akafuata macho yake mpaka chini ya makalio yake mwenyewe. Akaendelea kunoa. Bibi akatoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Kakutuma uje umchukue?" babu akauliza.

"Hakunituma. Kasema mkwe hadai mbuzi."

"Kasema hivyo?"

"Kwa mdomo wake."

Mundu ukasimama. Mimi, mtoto nisiyejua mila, nikaropoka, "Babu, ni pacha wa injini yetu. Namba zake ni zilezile. Tukimwazima tutamrudisha, mimi sitaki baba abaki peke yake."

Mama akanifinya. Bibi akacheka puani. Babu akaniangalia kwa muda mrefu, na mimi sikuinamisha macho, ndiyo maana watu wanasema ubishi niliurithi. Kisha akainuka, akakizunguka kile chuma kama alivyokizunguka siku ya kwanza.

"Mahari hairudi," akasema. "Mimi si mtu wa kurudisha mahari, na binti yangu si mtumba. Lakini mbuzi ni wangu au si wangu?"

"Ni wako, baba."

"Mtu mwenye mbuzi wake, nyasi zikiisha kwake, anafanyaje?"

Bibi akamjibu kabla ya mama, "Anamwekesha kwa mtu."

Hapo niwaeleze walio wageni. Wapare, kama majirani zetu wengi, walikuwa hawaweki mifugo yote zizi moja. Unamwekesha mwenzako mbuzi wako. Anamchunga, maziwa anakunywa yeye, akizaa mnagawana kwa mapatano. Mbuzi bado ni wako, na una haki ya kwenda kumwona wakati wowote, na mchungaji lazima akupokee. Huwekeshi mbuzi kwa mtu usiyemwamini. Watu waliowekeshana wamekuwa ndugu.

"Basi," babu akasema, "nyasi zimeisha hapa mlangoni. Nitamwekesha kule chini."

Siku ya pili yake kulikuwa na msaragambo, yaani kazi ya kijiji kizima, ya kusafisha ndiva. Baragumu likalia, watu wakatoka na majembe yao, wakazoa tope mpaka jua likainuka. Walipomaliza, babu akasimama ukingoni akawaambia vijana kwamba kazi bado, kuna mbuzi mzito wa kuteremshwa. Wakamfunga kwenye mti, wawili mbele wawili nyuma, wengine wa kupokezana, wakashuka wanaimba. Bangalala watu walitoka nje kuuliza nani kafa. Babu, na fimbo yake na koti la kanisani, alikuwa mbele, akijibu, "Hajafa mtu. Mbuzi anakwenda malishoni."

Baba alitusikia kabla hajatuona. Alitoka kibandani mikono imejaa grisi, akakimbilia debe kunawa, debe tupu. Akasimama hivyo hivyo mikono inaning'inia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Babu akaishika ile mikono michafu, yote miwili. "Nimekuletea mbuzi wangu umchunge. Unaweza au huwezi?"

Baba akaitikia kwa kichwa.

Kisha kazi. Namba aliisoma kwa vidole, akairudia, akaja kwenye sura. Akageuza, akachungulia matundu, na humo yakaanza kutoka maharage yangu, kokwa za ukwaju, na viota vya nyigu. Anachokoa kwa waya, yanamwagika. Mmoja wa vijana wa Vudee akasema, "Huyu mbuzi kala vizuri kuliko sisi!" Nilitamani ardhi inimeze. Kutu aliisugua juu ya kioo kinene kilichotiwa oili na mchanga laini, anakipeleka na kukirudisha chuma, akichoka anapokewa na kijana mmoja, mpaka uso ukalala sawasawa. Gasketi mpya ilikuwa wapi? Ile ya zamani ya shaba aliichoma motoni ikalainika, akairudisha. Boliti akazikaza kwa zamu, huku na huku, kama unavyofunga mzigo wa mayai.

Kambi nzima ilikuwa imekusanyika. Mama Zaituni alikuja na madumu, mtu wa imani. Baba akazungusha mkono wa kuwashia, injini ikakohoa. Akazungusha tena, ikatoa moshi mweupe ikazima. Mama akanishika bega mpaka likauma. Mara ya tatu baba hakutazama injini, alimtazama babu. Akazungusha. Tu. Tu tu. Tu tu tu tu tu.

Sijawahi kusikia kwaya ya kushinda ile.

Maji yalianza kutoka mekundu, halafu ya chai ya maziwa, halafu meupe. Baba akakinga kikombe, akampelekea babu kwa mikono miwili, maana maziwa ya kwanza ni ya mwenye mbuzi. Babu akanywa chote. Akafuta sharubu.

"Yana kutu," akasema. Watu wakacheka. Akamgeukia baba, na kwa mara ya kwanza mimi kusikia, akamwita jina lake. "Kagoma. Nikija kumwona, nimkute amenenepa."

Na alikuwa anakuja kweli. Kila baada ya mavuno alishuka, analala kwetu, anakwenda kibandani kuweka kiganja juu ya ile hedi kama anapima homa, anakunywa kikombe chake. Nasi tukabaki chini ya paa moja.

Miaka ikageuka, ikaja ruksa, biashara zikafunguliwa. Ghafla "hamna" ikawa "karibu dada." Mitumba ikafika, nikavaa gauni la Mzungu lenye mifuko. Spea zikajaa mpaka za bandia. Shamba likapata wenyewe wengine, pampu ya umeme ikaletwa, na ile injini ikaenda makaburini na wenzake. Baba akaomba hedi yake, akapewa. Akampandishia babu, akamwambia, "Baba, nimemrudisha mzima." Babu, mzee kabisa sasa, haoni vizuri, akasema, "Nani kakuambia muda umekwisha? Rudi naye." Baba akashuka na chuma chake. Kwa mbegu hiyo moja tukaanza biashara hapa Same, kandokando ya barabara, tukinunua injini zilizokufa na kuzisoma namba. Wote wawili wamelala sasa, babu Vudee, baba hapa chini.

Mbuzi yupo. Amekaa mlangoni mwa duka, upande wa kulia, na ndicho kiti changu. Juzi kijana wa vyuma chakavu alisimamisha toroli. "Shikamoo mama. Hiyo mbovu unaiuza kwa kilo?"

"Marahaba. Hii si mbovu, na si yangu."

"Ya nani?"

"Ya Vudee. Nimewekeshwa." Akaniangalia kama mtu anayemhurumia bibi aliyepitiwa na umri, akaenda zake.

Simlaumu. Enzi zetu tulikuwa hatuna kitu, na kwa hiyo kila kitu kilikuwa na mtu nyuma yake. Siku hizi vitu vimejaa, naviuza mimi mwenyewe, siwezi kuvitukana. Ukivunja leo, kesho unaletewa na bodaboda. Ni raha, sikatai, singependa mjukuu wangu abebe maji ya vidimbwi. Ila sijamsikia mtu yeyote siku hizi akimwekesha mwenzake kitu. Tunauziana tu. Ukimaliza kulipa, hakuna sababu ya mimi kuja kwako tena.

Mmoja tu ndiye aliyebaki. Mtoto wa mjomba, ndiye mwenye mji wa babu sasa, naye nywele nyeupe. Kila baada ya mavuno anashuka na mfuko wa maharage, hapigi simu. Anafika mlangoni, mimi nainuka nampisha. Anaweka kiganja juu ya chuma, anapapasa namba zilizosuguliwa na makalio yetu wote.

"Mbuzi wetu hajambo?"

"Hajambo. Amenenepa."

Na mimi naingia ndani kuchukua kikombe, nampa maji kwa mikono miwili. Anayanywa yote, anafuta mdomo, anasema yana kutu.

Hayana. Ni ya chupa.